Majina ya miungu wa kale wa Nuristan yalitoka wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeyakusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi kuhusu majina ya Imra, Mon, Disani, Gish na wenzao, miungu walioabudiwa katika milima ya Hindu Kush hadi mwishoni mwa karne ya 19. Baadhi ya majibu ni mafupi kwa sababu hayahitaji zaidi. Mengine nimeyarefusha, hasa lile la Disani, kwa kuwa ndilo jina linalonigusa kuliko yote.

Nuristan ni wapi, na mbona jina lake linasikika kama la kwetu?

Ni eneo la mabonde membamba na milima mirefu mashariki mwa Afghanistan, linalopakana na Chitral iliyoko Pakistan. Jina linasikika kama la kwetu kwa sababu nusu yake tunayo: ni "nuru" ile ile ya Kiarabu, ikifuatwa na "-stan" ya Kiajemi, yaani nchi. Nchi ya nuru. Hata jina la zamani tunalielewa bila kamusi. Majirani Waislamu waliliita eneo hilo Kafiristan, nchi ya makafiri.

Jina lilibadilishwa baada ya majira ya baridi ya 1895 na 1896, wakati majeshi ya Amir Abdur Rahman Khan wa Kabul yalipoingia mabondeni na kuwasilimisha wenyeji. Miaka miwili mitatu kabla, mwaka 1893, ulikuwa umechorwa Mstari wa Durand kati ya Afghanistan na India ya Waingereza, na sehemu kubwa ya Kafiristan iliangukia upande wa Amir. Basi mtu anaposoma "Wakafiri wa Hindu Kush" katika maandishi ya zamani na "Wanuristani" katika ya sasa, ajue ni watu wale wale, babu na mjukuu.

Huko wanazungumza lugha gani?

Zipo kadhaa. Kubwa ni Kikati pamoja na lahaja zake, ikiwemo ile ya Kamdesh. Kisha kuna Kiprasun cha bonde la Parun, Kiwaigali, Kiashkun na Kitregami. Kiprasun kimebadilika mno kiasi kwamba hata majirani wenye lugha za ukoo huo hawakielewi.

Lugha hizi zimo katika familia ya Kihindi-Kiirani. Kwa muda mrefu wanaisimu walijua matawi mawili ya familia hiyo: la Kihindi, lenye Kisanskriti na watoto wake, na la Kiirani, lenye Kiajemi, Kipashto na lugha ya Avesta, kitabu kitakatifu cha Wazoroasta. Mwanaisimu wa Norway, Georg Morgenstierne, aliyefika Kabul mwaka 1924, alionyesha kwamba lugha za Nuristan hazikai vizuri upande wowote. Leo wataalamu wengi wanazihesabu kuwa tawi la tatu.

Mfano mmoja unatosha. "Theluji" au "majira ya baridi" kwa Kisanskriti ni *hima*, na ndiyo iliyomo katika Himalaya, makao ya theluji. Katika Avesta ni *zima*. Kwa Kikati ni *zim*. Sasa chukua "kumi": Kisanskriti *daśa*, Avesta *dasa*, lakini Kikati ni *duts*. Ile *ts* mwishoni ni ya zamani kuliko *s* ya Waajemi na *ś* ya Wahindi. Vilivyolainishwa huko bondeni, milimani vilibaki na ncha zake.

Naomba msomaji aikumbuke *z* ya *zim*. Tutaihitaji.

Jina Imra lina maana gani?

Imra ndiye aliyekuwa mkuu wa miungu na muumbaji. Tahajia hiyo tumeipata kwa George Scott Robertson, daktari na afisa wa Kiingereza aliyeishi Kamdesh mwaka 1890 na 1891, miaka michache tu kabla ya uvamizi. Wasemaji wenyewe walitamka tofauti kidogo: Kikati *Imro*, Kiwaigali *Yamrai*, Kiprasun *Mara*.

Yaweke pamoja majina hayo matatu na uyasome kwa sauti, ukianza na la Waigal. *Yamrai*. Ndani yake kuna *Yama* na *rai*, na nyuma ya *rai* kuna neno la kale *rāja*, mfalme. Jina kamili lilikuwa *Yama-rāja*, Mfalme Yama. Kwa Wakati, yaani wasemaji wa Kikati, silabi ya kwanza *ya* ilisinyaa ikawa *i*, na mwisho ukakatika. Waprasun wao walikula mwanzo wote. Ndivyo jina la silabi nne lilivyobaki na mbili, sawa na jiwe la mtoni lililosuguliwa na maji vizazi kwa vizazi.

Kuna jambo dogo ndani ya jina hili linalofaa kutazamwa kwa karibu. *Rāja* ina *j* inayotokana na sauti ya kale ambayo kwa kawaida lugha za Nuristan huigeuza kuwa *z* au *dz*. Kama jina hili lingerithiwa moja kwa moja bila kupitia kwa jirani, tungetarajia kuikuta *z* hiyo mahali fulani. Haipo. Kilichopo ni *rai*, umbo lile lile linalopatikana katika lugha za Kihindi baada ya *j* ya katikati kumomonyoka. Kwa maoni yangu, huo ni ushahidi mzuri kwamba umbo la jina hili, angalau sehemu ya pili, lilipanda mlimani kutoka kwa majirani wa Kihindi. Mungu mkuu wa Nuristan alivaa jina la mkopo.

Kwa hiyo Imra ni Yama, mungu wa mauti wa Wahindu?

Hapana, na kosa hili hutokea mara nyingi. Kuwa na jina moja si kuwa mtu mmoja.

Katika Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindi, Yama ni binadamu wa kwanza kufa, aliyewatangulia wengine njiani na hivyo akawa mfalme wa wafu. Katika Avesta huyo huyo anaitwa Yima, naye ni mfalme wa enzi ya mwanzo ambamo hapakuwa na uzee wala kifo. Waajemi walimwongezea sifa ya *xšaēta*, mwenye kung'aa, na maneno hayo mawili yakaungana yakawa Jamshid. Ndiyo, ni jina lile lile alilokuwa nalo Sultani Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliyepinduliwa Januari 1964. Jina la muumbaji wa Nuristan na jina la sultani wa Unguja yamechipuka kwenye shina moja, moja kwa njia ya milima, jingine kwa njia ya Uajemi na bahari.

Huko Nuristan, Yama hakuwa mfalme wa kuzimu. Alikuwa mwumba wa ulimwengu. Hekalu lake kubwa lilikuwa katika kijiji cha Kushteki, bonde la Parun, nalo Robertson alilieleza kwa mshangao: jengo la mbao lenye nguzo kubwa zilizochongwa, na kwenye mlango sura za Imra mwenyewe akiwa na kiriba cha kusukia maziwa. Mimi picha hiyo huniacha nimenyamaza. Watu waliotegemea mbuzi kwa kila kitu hawakumpa muumba wao fimbo ya kifalme. Walimpa kiriba.

Kama Waprasun walimwita Mara, je, kuna uhusiano na mto Mara au mkoa wa Mara?

Hakuna kabisa. Ni mgongano wa sauti tu. Hata Mara wa Wabuddha, yule mjaribu, asichukuliwe kuwa ndiye yeye kwa sababu ya kufanana matamshi. Binadamu ana sauti chache za kutumia, na majina mafupi hugongana kila siku. Kufanana si hoja. Hoja ni kuonyesha kwamba sauti hii iligeuka kuwa ile, na kwamba iligeuka vivyo hivyo katika maneno mengine pia. Anayetaka kuunganisha majina bila kufanya kazi hiyo anapiga ramli.

Na Mon?

Mon, au Moni kwa tahajia ya Robertson, alikuwa shujaa wa Imra, mpiganaji dhidi ya mashetani. Kiprasun na Kiwaigali humwita *Mandi*, na umbo hili ndilo linalotoboa siri: *mahān deva*, "mungu mkuu". Kwa Wakalasha wa Chitral, majirani wa Wanuristani, jina hilo limebaki karibu zima, *Mahandeo*.

Wahindu wanalo jina *Mahādeva* nalo ni sifa ya Shiva, mmoja wa miungu wao wakuu. Hapo ndipo watu wanapokimbilia kusema Mon ni Shiva. Lakini tazama tofauti. Shiva huitwa *mahā-deva*, neno moja lililounganishwa. Mandi na Mahandeo yana *n* katikati, maana yanatokana na maneno mawili yaliyosimama mbalimbali, kila moja kwa miguu yake: *mahān*, mkuu, na *deva*, mungu. Ni sifa ya kumtukuza, sawa na sisi tunavyosema Mwenyezi. Na matendo ya Mon, ya kupambana na mashetani kwa niaba ya mkubwa wake, yanamkaribia zaidi Indra, mungu mpiganaji wa Veda, kuliko Shiva.

Neno *deva* lenyewe lina kisa chake. Kwa Wahindi maana yake ni mungu. Kwa Waajemi wa Avesta neno hilo hilo, *daēva*, lilishuka hadi kuwa shetani. Hindu Kush imekaa katikati ya wawili hao, na katika suala hili watu wa Nuristan walikuwa upande wa Wahindi: mungu alibaki mungu.

Disani ni nani, na jina lake lina asili gani?

Hapa nitachukua nafasi.

Disani, aliyeandikwa na Robertson kama Dizane, alikuwa mkubwa wa miungu wa kike. Alilinda mifugo na mavuno, na alisimama kati ya jamii na hatari. Robertson alisimuliwa kwamba alitokea kwenye titi la kulia la Imra. Imra akamweka kiganjani, akamrusha juu kwa nguvu, naye akaangukia ziwani.

Sasa, katika Kikati kuna kitenzi *dez*, kuumba. Wakalasha ng'ambo ya mpaka wana muumba wanayemwita *Dezau*, na dada yake *Dezalik*, mlinzi wa uzazi na watoto. Wataalamu wameyafuatilia maneno haya hadi kwenye mzizi wa kale sana, *dheigh*, na jina la Disani nalo limewekwa kwenye kundi hilo hilo. Maana ya mzizi huo si "kuumba" kwa maana ya kutoa kitu pasipo kitu. Ni kufinyanga. Kukanda udongo kwa mikono na kuupa umbo.

Msomaji wa Kiswahili anapaswa kusimama hapa kidogo. Sisi tunasema Muumba, tunasema kuumba, na tumezoea kusikia neno hilo kwenye mahubiri na kwenye dua hadi tumesahau lilikotoka. Lilitoka kwa mfinyanzi. Katika lugha nyingi za Kibantu kitenzi hicho bado ni cha chungu na udongo. Kwa Wakikuyu, Mumbi, mama wa kabila, jina lake ni mfinyanzi. Mwanamke anayekaa chini akazungusha tonge la udongo wa mfinyanzi, akaubonyeza kwa kidole gumba hadi ukuta wa chungu unainuka, ndiye aliyewapa Wabantu neno la kumwitia Mungu. Na watu wa Hindu Kush, ambao hawakuwahi kukutana nasi, walichukua njia ile ile: waliangalia mkono kwenye udongo wakasema, hivi ndivyo ulimwengu ulivyofanywa.

Mzizi huo una tawi jingine lililotufikia kwa mlango wa nyuma. Katika Avesta, *pairi-daēza* ni mahali palipozungushiwa ukuta: *pairi*, kuzunguka, na *daēza*, kilichofinyangwa, ukuta wa udongo. Wagiriki walilichukua kwa maana ya bustani ya kifalme, likapita katika lugha kadhaa, likaingia Kiarabu kama *firdaws*. Nasi tunaliita Firdausi. Kwa hiyo anayeomba Pepo ya Firdausi anatamka, bila kujua, ndugu wa damu wa jina la Dezau.

Turudi kwenye ile *z*. Lugha ya Wakalasha si ya tawi la Nuristan. Ni ya Kihindi. Kwa kanuni za Kihindi, sauti ya kale *gh* ya namna hii huwa *h*, kama katika *hima*. Ndiyo maana Kisanskriti kina *deha*, mwili, yaani kile kilichofinyangwa, na si *deza*. Wakalasha wangekuwa na jina la kurithi, lisingekuwa na *z*. Lakini ni Dezau, kwa *z* kama ya *zim*. Jina hilo basi limetoka kwa majirani wa Nuristan. Herufi moja inatuonyesha nani alimfundisha nani kumtaja muumba, katika mabonde ambayo hayakuacha kitabu hata kimoja cha kale.

Na hapo utaona kwamba mikopo ilikwenda pande zote mbili. Imra alipanda mlimani kutoka kwa Wahindi. Dezau aliteremka kutoka Nuristan kwenda kwa Wakalasha.

Je, Indra wa Wahindu alijulikana huko?

Alijulikana, hasa Waigal na Ashkun, kwa jina la *Indr*. Hili ni miongoni mwa majina makongwe kabisa tunayoweza kuyathibitisha kwa maandishi: Indra ametajwa pamoja na Mitra, Varuna na Nasatya kama mashahidi wa mkataba kati ya wafalme wa Mitanni na Wahiti, karne ya 14 kabla ya Kristo, mbali sana huko Syria na Anatolia. Katika Avesta alikuwa ameshafanywa shetani. Nuristan waliendelea kumheshimu, na jina lake likabaki hata katika jina la mahali penye mashamba ya mizabibu, Indrakun, kwa kuwa mabonde hayo yalisifika kwa zabibu na divai yake.

Gish, mungu wa vita, jina lake linatoka wapi?

Umbo refu la jina ni *Giwish*. Lipo pendekezo la kulihusisha na maneno ya Veda yanayotokana na *gav*, ng'ombe, na *iṣ*, kutaka. Katika Veda, *gaviṣṭi*, ambayo kwa neno kwa neno ni kutaka ng'ombe, ndilo neno la vita. Anayezifahamu jamii za wafugaji za Afrika Mashariki hahitaji maelezo ya ziada kuhusu jinsi kutaka ng'ombe kunavyogeuka kuwa vita.

Pendekezo hili linavutia, lakini mimi silipi uzito sawa na lile la Imra au la Mandi. Kule tuna maumbo matatu manne ya lahaja mbalimbali yanayoshikana mikono. Hapa tuna jina moja na maana inayopendeza, na maana inayopendeza ni mshauri mbaya.

Nirmali?

Alikuwa mlinzi wa wanawake wakati wa kujifungua na wakati wa hedhi, siku walizokaa katika nyumba yao maalumu nje ya kijiji. Jina ni wazi kabisa: *nir*, pasipo, na *mala*, uchafu. Asiye na doa. Ni jina lile lile la Nirmala ambalo utalikuta kwa akina mama wa Kihindi Nairobi na Dar es Salaam. Dezalik wa Wakalasha anafanya kazi hiyo hiyo, kwa jina jingine.

Basi walikuwa Wahindu? Au ni wajukuu wa askari wa Aleksanda, kama wanavyosema mitandaoni?

Habari ya Aleksanda Mkuu inapendwa sana, hasa kwa sababu ya watu wenye macho ya kijivu na nywele za rangi ya shaba. Majina ya miungu hayaiungi mkono. Hakuna Zeu, hakuna Apolo, hakuna Atena aliyejificha humo. Majina yote niliyoyaeleza hapo juu ni ya Kihindi-Kiirani.

Kusema walikuwa Wahindu nako si sahihi. Dini ya Kihindu kama tunavyoijua ilikua kwa karne nyingi baada ya Veda, na mambo yake mengi hayakufika Nuristan: hakuna tabaka za Kibrahmin, hakuna vitabu. Mnyama wa sadaka alikuwa mbuzi, na mmea wa ibada ulikuwa mreteni, uliochomwa kwa ajili ya moshi wake. Ninavyoona mimi, ni binamu wa dini ya Veda, aliyekulia kijiji kingine, akarithi baadhi ya majina ya ukoo na kukopa mengine kwa jirani. Anayetaka kumfanya binamu huyo awe mtoto wa nyumba yake, iwe kwa nia njema au ya kisiasa, anamnyang'anya historia yake.

Mbona kila kitabu kinaandika majina haya kivyake?

Kwa sababu wenyewe hawakuwa na maandishi, na kila aliyeandika alisikia kwa sikio la lugha yake. Robertson alipitia wakalimani na akaandika Kiingereza. Morgenstierne alitumia alama za kifonetiki. Georg Buddruss, Mjerumani aliyefanya kazi Parun miaka ya 1950 na 1970, aliwahi kusikia maumbo ya Kiprasun ambayo hayana mfano kwingine. Hivyo Disani, Dizane na Disni si miungu watatu. Ukikuta tofauti, uliza kwanza lahaja gani, halafu nani aliyeandika.

Wakalasha na Wanuristani ni watu wamoja?

Hapana, na jina linachanganya zaidi kwa sababu hata Wawaigali wa Nuristan hujiita Kalasha. Wakalasha wanaojulikana na watalii ni wale wa mabonde matatu ya Chitral, yaani Bumburet, Rumbur na Birir. Wao hawakuwa chini ya Amir wa Kabul mwaka 1896, kwa hiyo baadhi yao wangali katika dini ya wazee wao. Lugha yao, kama nilivyosema, ni ya Kihindi. Lakini waliishi jirani na Wakati kwa karne nyingi, na miungu wao wamechanganyika na wa Nuristan kama maji ya vijito viwili. Krumai wao ni Kshumai wa Nuristan, mungu wa kike anayehusishwa na mbuzi mwitu wa vileleni. Pamoja naye wana Jestak, mlinzi wa nyumba na ukoo, ambaye jina lake wengine hulifuatilia hadi *jyeṣṭhā*, mkubwa kuliko wote.

Mimi ni Mwislamu. Kuchunguza majina haya si kuhuisha ushirikina?

Swali hili huulizwa kwa moyo safi na linastahili jibu la moyo safi. Wanuristani wa leo ni Waislamu, na wengi wao ni washika dini kweli kweli. Kutafuta asili ya neno si kuliabudu. Waarabu wenyewe wamehifadhi majina ya Lata, Uzza na Manata, tena yametajwa ndani ya Kurani, na hakuna anayedhani msomaji anayaabudu.

Kinachonisukuma ni kwamba watu hawa walipoteza vitu vingi kwa haraka mno. Mahekalu yalichomwa au kubomolewa ndani ya majira machache. Sanamu chache za mbao zilipelekwa Kabul kama nyara, zikawekwa makumbusho, na mwaka 2001 zikavunjwavunjwa na Taliban. Baadaye mafundi waliziunga vipande kwa vipande. Majina ndiyo ambayo hakuna aliyeweza kuyatia shoka, na mjukuu ana haki ya kujua babu yake alimwita nani usiku wa baridi mtoto akiwa mgonjwa.

Kuna mtu aliyewahi kusikia dua zenyewe, au ni nadharia za vitabuni?

Wapo. Baadhi ya Wakati walivuka milima mwaka 1896 wakakimbilia Chitral, na wachache waliendelea na ibada ya zamani kwa miongo kadhaa huko ugenini. Morgenstierne aliwakuta mwaka 1929 akaandika nyimbo zao za ibada kama zilivyoimbwa, kwa lugha yao. Bila wazee wale, mengi ya niliyoandika hapa yasingekuwa na mguu wa kusimamia, kwa sababu orodha ya majina peke yake ni mifupa. Katika wimbo ndimo jina hupata kitenzi, na kitenzi ndicho kinachotuambia mungu huyo alifanya nini.

Leo bado kuna mahali majina haya yanatamkwa?

Nuristan kwenyewe yapo katika majina ya mahali na katika hadithi za wazee. Kwa Wakalasha yanatumika kila siku, ingawa Dezau sasa huitwa pia Khodai, neno la Kiajemi lenye maana ya Mungu, na wengi hawaoni tofauti. Indr naye hajaondoka. Upinde wa mvua unaitwa kwa jina lake, na ngurumo zikipiga juu ya Bumburet, wazee husema Indr anacheza polo.